Mstari Mwekundu wa Kituo cha Topolche

Ukifungua mlango wa jiko la kuni mbele ya Stamena Ilkova, kisha ukauacha wazi huku ukitafuta gogo la kuongeza, hakukukatiza. Alingoja ufunge, ndipo akuambie kwa upole kwamba moto uliotoka hapo ungetosha kuchemsha nusu sufuria ya maharagwe. Watu wa Topolche walikwisha kumzoea. Walisema kwamba hata mtu akikimbilia basi, Stamena hatazami kama amelipata. Anatazama jasho.

Mwaka ule wa 2001 alikuwa na umri wa miaka hamsini na tisa, mjane, mwembamba kama mpini wa jembe. Binti yake alikuwa Hispania akiwatunza wazee wa watu. Miaka thelathini na mitano ya maisha yake Stamena aliimalizia katika kituo cha pampu kilicho chini ya ukingo wa mto Danube, kazi yake ikiwa moja tu: kuyatoa maji mtoni na kuyapandisha hadi juu, kwenye uwanda wenye bustani za kijiji. Hoho, nyanya, matikiti. Kila kilichoiva Topolche kilikuwa kimepita kwanza mikononi mwake kikiwa maji.

Mapenzi yake kwa hesabu za mashine yalianzia shule ya ufundi mjini Vidin, alipokuwa na miaka kumi na mitano. Mwalimu wa fizikia alitundika kapi darasani, akamwambia avute kamba na kuinua jiwe, huku akisoma kwenye mizani nguvu aliyotumia. Stamena akazidisha nguvu kwa urefu wa kamba aliyoivuta, akapata kazi iliyoingia. Akazidisha uzito wa jiwe kwa kimo lilichopanda, akapata kazi iliyotoka. Akagawanya ya pili kwa ya kwanza. Jibu lilikuwa themanini kwa mia.

"Mwalimu, hiyo ishirini nyingine imekwenda wapi?" aliuliza.

Mwalimu alimshika kidole akakigusisha kwenye ekseli ya kapi. Ilikuwa na joto.

"Imekwenda hapo," alisema. "Na haitarudi."

Wasichana wengine walicheka, kwa kuwa mwalimu alikuwa kijana na alikuwa amemshika mkono. Stamena hakusikia kicheko. Alikuwa amegundua kwamba duniani kuna wizi usio na mwizi, na kwamba wizi huo unapimika. Alitaka kuendelea na masomo jijini Sofia, lakini baba yake aliugua mapafu, na ng'ombe walikuwa wanne. Basi akabaki, akaajiriwa kituoni.

Kila mwaka, kabla ya maji ya kwanza kufunguliwa siku ya Mtakatifu Georgi, mapema mwezi wa tano, kituo kilipimwa ufanisi wake. Utaratibu ulikuwa rahisi, na kila mtu kijijini aliujua kama anavyojua kukamua mbuzi. Chini, ndani ya kisima ambamo pampu ilinyonyea, palikuwa na mstari mwekundu ukutani. Maji ya mto yakigusa mstari huo, kipimo kinaanza. Juu, ukingoni mwa bustani, palikuwa na tangi la zege lisilo na kifuniko, la mita za ujazo mia moja na ishirini, yaani tani mia na ishirini za maji. Pampu inawashwa, tangi linajaa, pampu inazimwa, mita ya umeme inasomwa. Fomu kutoka mkoani ilikuja tayari imechapwa: kimo kutoka mstari mwekundu hadi tangini, mita kumi na nane. Kazi ya Stamena ilikuwa kujaza uniti za umeme zilizotumika, na kugawanya.

Mwaka wa kwanza alipata sabini na moja kwa mia. Aliiandika kwa chaki kwenye ukuta wa chumba cha mashine. Baadaye ikaja sabini, sitini na nane, sitini na tatu. Danube ni mto wa mchanga, na mchanga huila pampu kwa ndani kama mchwa alavyo boriti. Gurudumu la ndani lilikuwa limekonda kama sarafu ya zamani. Jipya lilikwisha kuombwa mara saba. Kiwanda kilicholitengeneza kilikuwa sasa ghala la nguo za mitumba.

Kisha mwezi wa nne, wiki moja baada ya Pasaka, ilifika barua. Meya wa kijiji, Bwana Lozan, aliileta mwenyewe kituoni kwa baiskeli, akaisoma akiwa bado amekaa juu yake, mguu mmoja chini. Kituo chochote chenye ufanisi ulio chini ya hamsini kwa mia kitakatwa umeme siku ya Mtakatifu Georgi na kuondolewa katika orodha. Injinia atafika kuhakiki.

"Mwaka jana tulipata ngapi?" Lozan aliuliza.

"Arobaini na sita," Stamena alijibu.

"Sasa?"

"Sasa tuko mwaka mmoja mbele, Bwana Meya. Pampu haijawa msichana."

Lozan alishuka kwenye baiskeli. Wakati huo kijiji kilikuwa na watu mia mbili na kumi. Zamani walikuwa elfu moja na mia nne. Visima vya bustani vilikauka tangu mto uliposhuka. Maji ya bomba yalikuja saa mbili kwa siku, ya kunywa tu. Miche ya hoho ilikuwa tayari chini ya nailoni katika kila ua, ikingoja kuhamishwa. Bila pampu hakuna bustani, na bila bustani hakukuwa na sababu ya mtu yeyote mwenye miguu kubaki Topolche. Yote hayo Lozan hakuyasema. Alisema tu, "Wewe ndiye mwenye kalamu, shangazi."

"Kalamu ninayo mimi, mita ina macho yake," Stamena alisema.

Mwenzake kituoni alikuwa Tseko, mlinzi na fundi msaidizi, mzee wa miaka sitini na miwili mwenye mashavu mekundu na mdomo usiojua likizo. Siku iliyofuata walifanya kipimo cha majaribio wao wawili. Maji yaligusa mstari. Tseko akawasha. Pampu ikakohoa, ikanguruma, ikakubali. Stamena akapanda ngazi mia na tano hadi juu, akangoja tangi lijae, akapiga filimbi, Tseko akazima. Uniti kumi na tatu kamili.

Alikaa kwenye ngazi ya mwisho na kufanya hesabu gotini. Tani mia na ishirini, mita kumi na nane, mvuto wa dunia. Kazi iliyotoka, kilojuli elfu ishirini na moja na mia na sitini na nane. Kazi iliyoingia, uniti kumi na tatu mara kilojuli elfu tatu na mia sita, yaani elfu arobaini na sita na mia nane. Akagawanya mara mbili, maana mkono haukuamini.

"Arobaini na tano," alimwambia Tseko alipofika chini.

"Tano tu zimepungua kufika hamsini? Profesa, tano ni kitu gani? Mimi kila asubuhi nikiamka naanza na pungufu ya thelathini, na bado nafika kazini."

"Wewe hukaguliwi."

"Nakaguliwa na mke wangu, tena bila fomu." Alimkatia kipande cha mkate, akakichovya kwenye chumvi ya viungo, akampa. "Andika hamsini. Nani atapanda ngazi zile kuhesabu?"

Stamena alitafuna mkate. Macho yake yalikuwa ndani ya kisima, kwenye mstari mwekundu, na polepole akaacha kutafuna.

"Tseko. Mstari huu tuliupaka lini?"

Tseko alitazama pembeni. "Kabla ya sherehe za Mei Mosi. Themanini na saba."

Wote wawili walikuwepo siku ile. Miaka hiyo mashua za kuchota mchanga zilifanya kazi usiku na mchana, mchanga ukaenda kujenga maghorofa ya mijini, na kitanda cha mto kikashuka. Mwaka wa 1987 maji hayakuugusa mstari. Walingoja wiki tatu. Mkoani walitaka kipimo kabla ya Mei Mosi, ili kituo kipewe kibendera chake cha kazi bora. Mkuu wa kituo, Injinia Vutov, sasa marehemu, aliuangalia mstari mkavu, akayaangalia maji mita mbili chini yake, akasema, "Mlima usipokuja kwetu, sisi tunaufuata." Wakaupaka chokaa mstari wa zamani, wakachora mpya pale maji yalipokuwa. Tseko alining'inia kwenye kamba na brashi. Stamena alishika mkebe wa rangi. Fomu haikuguswa, kwa sababu siku zile kilichochapwa hakisahihishwi. Mita kumi na nane ilibaki kumi na nane.

"Tumekuwa tukiinua maji mita ishirini," Stamena alisema polepole, "na tunajilipa kwa kumi na nane. Miaka kumi na minne."

Alichukua kijiti, akaandika vumbini. Tani mia na ishirini mara mita ishirini mara tisa nukta nane. Elfu ishirini na tatu na mia tano na ishirini. Gawanya kwa elfu arobaini na sita na mia nane.

Hamsini, na robo.

Tseko aliinama juu ya tarakimu zile kama mtu anayesoma jina lake kwenye orodha ya waliopona. "Hamsini ya kweli?" aliuliza. "Siyo ya kupikwa?"

"Ya kweli."

"Yaani tukisema ukweli tunapita?" Alivua kofia, akajikuna. "Mimi katika maisha yangu sijawahi kuliona jambo hilo."

Habari ilipanda ngazi kabla yao. Kufikia jioni kila mtu alijua kwamba Stamena amepata mita mbili zilizopotea. Mwanamke mmoja alimletea mtindi. Mwingine alianza kutoboa mashimo ya miche yake siku hiyo hiyo, bila kungoja. Stamena aliwaambia wasubiri, lakini usiku ule alijikuta anaimba akiosha sufuria, jambo ambalo jirani yake alilithibitisha baadaye kwa watu kadhaa.

Injinia aliitwa Yavor. Alikuwa kijana wa miaka ishirini na minane, mwenye viatu visivyofaa kwa ngazi zile na sura ya mtu aliyekwisha kufunga vituo vitatu wiki iliyotangulia. Alikataa rakia, ile pombe kali ya matunda, aliyomiminiwa na Tseko, akakubali supu. Stamena alimweleza habari ya mstari bila kujificha, akataja mwaka, akataja mkebe wa rangi na nani aliyeushika.

"Shangazi, unajua unachoniambia?" Yavor aliuliza. "Unaniambia fomu kumi na nne ni za uongo."

"Najua. Na uongo wenyewe ulikuwa unatuumiza sisi."

Kijana alicheka kidogo, kwa mara ya kwanza. "Wezi wengi nimewaona. Sijaona anayejiibia."

Walishuka kisimani wakiwa na tochi na kikwaruzo cha fundi rangi. Tseko alikwangua chokaa, safu baada ya safu, na mita mbili juu ya mstari mpya ukatokea wa zamani, mwekundu wa kukolea kama ngozi ya hoho. Yavor aliupima kwa utepe wake mwenyewe. Mita mbili kamili. Kisha akapima kimo chote kwa darubini yake ya miguu mitatu, kipande kwa kipande juu ya ngazi, jasho likimtiririka. Mita ishirini.

Kipimo rasmi kilifanyika saa sita mchana. Lozan alikuwepo, na watu kama thelathini walisimama kuzunguka tangi kana kwamba kuna ubatizo. Uniti kumi na tatu, vilevile. Yavor alikokotoa kwa kikokotoo chake, akamwonyesha Stamena kioo kidogo. Hamsini nukta ishirini na tano. Hakuna aliyepiga makofi. Watu wa Topolche huogopa kuita bahati kwa sauti. Lozan peke yake alikohoa, akapangusa macho kwa mgongo wa mkono.

Yavor alichomoa kalamu. Akaiweka fomu juu ya ukingo wa tangi ili apate mahali pa kuandikia. Alipoinama, aliyaona maji yaliyojaa, ya rangi ya udongo, na kalamu ikasimama.

"Tangi hili husafishwa lini?" aliuliza.

"Kila mwaka," Tseko alisema haraka.

Stamena alikuwa amesimama hatua mbili kutoka hapo. Yavor hakumtazama Tseko. Alimtazama yeye.

Miaka kumi iliyopita walipokuwa wafanyakazi tisa, lilisafishwa kila vuli. Wakabaki watano, wakabaki wawili. Stamena alijua kuna tope, kama mtu ajuavyo kwamba chini ya kabati kuna vumbi. Lakini katika furaha ya mita mbili hakulikumbuka hata mara moja, na sasa lilimjia kifuani lote kwa pamoja. Aliyashusha macho kwenye maji. Njia ya mwongo ni fupi, na yeye hakuwa na nguvu ya kuanza safari.

"Wewe ndiye uliyeniambia tusiamini karatasi, shangazi," Yavor alisema kwa sauti ya chini, karibu ya kuomba radhi. Akachukua kijiti cha kupimia, akakizamisha. Kilikwama kabla ya kufika chini. Akakichomeka sehemu nyingine, na nyingine, sehemu kumi na mbili kwa jumla, na kila mara Lozan alisogea naye kana kwamba anaweza kukisukuma kijiti kwa macho. Tope lilikuwa na kina cha karibu sentimita kumi na tisa. Sakafu yote ilikuwa na upana wa mita nane na urefu wa kumi. Mita kumi na tano za ujazo zilikuwa udongo. Yaliyopandishwa siku ile hayakuwa tani mia na ishirini za maji, bali mia na tano.

Stamena alifanya hesabu kichwani kabla kikokotoo hakijamaliza. Arobaini na nne.

Ukweli nusu ulikuwa umewapandisha; ukweli mzima ukawateremsha chini ya pale walipokuwa na uongo wao.

"Sitaandika leo," Yavor alisema. Alikunja fomu. "Nina hadi Ijumaa. Lakini siwezi kuandika nisichokipima."

Alipoondoka, Lozan alipanda juu ya ukingo wa tangi. Alikuwa mtu wa maneno machache, na yale aliyoyapata yalikuwa ya mtu aliyeona mlango. "Shida ni tope," alisema. "Basi si tutoe tope? Leo Jumatatu. Tukishika koleo wote, Alhamisi tangi liko safi. Injinia aje apime upya."

Watu waliitikia. Wengine walikwisha kugeuka kwenda kuchukua koleo.

"Ngojeni," Stamena alisema. "Ngojeni kidogo. Haitasaidia."

Waligeuka.

"Tope haliko ndani ya pampu. Tukilitoa, tangi litachukua maji mengi zaidi, ndiyo. Lakini pampu itafanya kazi muda mrefu zaidi kulijaza, na umeme utaliwa zaidi, kwa kiwango kile kile. Ukinywa supu kwa kijiko kilichotoboka, hata ukibadilishiwa bakuli, kijiko ni kile kile."

"Stamena, wewe umesoma," alisema Bi Nedka, jirani yake, yule aliyeletwa Topolche kama bibi harusi mwaka mmoja na ujio wa pampu. "Sisi tuna macho tu. Injinia amesema tope limekula tani kumi na tano. Tukizitoa, si zitarudi?"

"Zitarudi, Nedka. Na umeme wa kuzipandisha utarudi nazo."

"Jana mita mbili zilikuwa zimepotea, ukazipata. Leo tani kumi na tano zimeonekana waziwazi, unasema hazina faida. Kwa nini hesabu ikubali ya jana ikatae ya leo?"

"Kwa sababu ile ya jana tulikuwa tunaiinua kweli, hatukuihesabu. Hii ya leo tulikuwa tunaihesabu, hatukuiinua."

Ilikuwa sahihi, na ilikuwa wazi kama maji ya jagi. Alijua mwalimu wake angemwekea alama ya juu. Akawatazama usoni mmoja mmoja, na akaona kwamba hakuna hata mmoja aliyeweza kuingiza maneno yale ndani, si kwa ujinga, bali kwa sababu hayakuwa na mahali pa kukaa.

"Basi wewe usichimbe," alisema Bi Nedka, bila hasira. "Pumzika. Tutachimba sisi."

Walichimba siku tatu. Tope lilikuwa zito, jeusi, lenye harufu ya samaki wa zamani. Vijana walikuwa wanne tu kijijini, kwa hiyo wengi wa waliokuwa ndani ya tangi walikuwa na mvi. Walipokezana ndoo kwa mstari. Tseko aliwatania kwamba hajaona wanawake wengi hivyo wakionyesha magoti tangu arusi ya kaka yake. Siku ya kwanza Stamena alikaa chini kituoni, akisafisha mashine isiyohitaji kusafishwa. Aligusa beringi moja, akagusa ya pili. Zote zilikuwa baridi, kwa kuwa pampu ilikuwa imezimwa.

Siku ya pili asubuhi alipanda na koleo lake.

"Umebadili hesabu, Profesa?" Tseko aliuliza.

"Hapana."

"Sasa unachimba nini?"

"Tope," alisema, akashuka ndani.

Alichimba hadi Alhamisi jioni, kifundo cha mguu ndani ya matope, bega kwa bega na Bi Nedka, na hawakuzungumza tena habari ya asilimia. Walizungumza juu ya wajukuu. Bi Nedka alikuwa na wawili Italia, ambao alikuwa amewaona mara moja. Walipofika kwenye zege, wakalifagia kwa ufagio, kisha wakalipangusa kwa magunia, ingawa hakuna aliyewaagiza.

Yavor alirudi Ijumaa. Hesabu aliijua naye, na alipoona tangi jeupe liking'aa kama sinia alimtupia Stamena jicho moja, akainamisha kichwa. Alikuja hata hivyo. Alipima kwa uangalifu uleule, hatua baada ya hatua, kana kwamba jibu lilikuwa bado halijulikani, na kwa hilo Stamena alimheshimu.

Tani mia na ishirini kamili, mita ishirini kamili. Pampu ilinguruma muda mrefu kuliko Jumatatu. Lozan aliishika saa yake mkononi na kila dakika iliyozidi ilimtoa rangi. Mita ilipokoma ilionyesha uniti kumi na nne nukta themanini na tano.

"Ngapi?" Bi Nedka alimuuliza Stamena. Hakumuuliza injinia.

"Arobaini na nne."

"Ileile?"

"Ileile."

Bi Nedka aliyaangalia maji tangini. Safari hii yalikuwa safi, na uliweza kuona sakafu. "Basi tumelisafisha vizuri," alisema, akachukua ufagio wake, akaenda zake.

Yavor aliandika, akatia sahihi. Stamena naye akatia yake chini, kwa mwandiko wa shule ya ufundi, herufi zikiegemea kulia. Tseko alimimina rakia na safari hii kijana hakukataa. "Kama gurudumu jipya lingepatikana," alisema baada ya kumeza, "ingefika sitini na tano." Kila mmoja hapo alikwisha kulijua hilo miaka saba mfululizo.

Siku ya Mtakatifu Georgi, wakati kondoo wako kwenye tanuri na matawi mabichi yametundikwa milangoni, mafundi wawili wa umeme walikuja na ngazi. Walikuwa watu wa heshima; waliomba samahani kwa kuja sikukuu. Walifungua nyaya tatu kutoka kwenye nguzo, wakazizungusha, wakazitia garini. Ilichukua dakika ishirini. Lozan aliwapa nyama ya kondoo iliyofungwa kwenye karatasi, maana mgeni ni mgeni. Juma lililofuata familia mbili zilifunga madirisha kwa mbao.

Stamena alikuwa na miche mia moja na sitini ya hoho chini ya nailoni. Aliihamishia bustanini kama kila mwaka. Siku ya nne majani yalianza kulegea. Alitoa mzegazega wa mamake, ule mti uliopinda wa kubebea ndoo mbili begani, akashuka mtoni.

Kushuka hakukuwa kazi. Alijaza ndoo, lita kumi kila moja, akaanza kupanda. Ngazi ya sitini alilazimika kusimama. Aliziweka ndoo chini, akaegemea ukuta. Moyo ulimpiga masikioni. Na akili yake, kwa mazoea ya miaka arobaini na zaidi, ikaanza kugawanya bila kuombwa. Maji kilo ishirini. Yeye mwenyewe kilo sitini na mbili, ambazo lazima zipande pamoja na maji hata kama hakuna aliyezihitaji juu. Ishirini kwa themanini na mbili. Ishirini na nne kwa mia, hapo hujaingiza mkate aliokula asubuhi, wala joto la mwili, wala maji yaliyomwagika kwenye ngazi.

Tseko alikuwa amekaa mlangoni mwa kituo, ambacho bado alikilinda ingawa hakuna aliyemlipa tena kukilinda. Alimwona amesimama.

"Ngapi, Profesa?" alipaza sauti kutoka chini.

"Ishirini na nne."

Tseko aligeuka akaitazama mashine iliyozimwa nyuma yake. "Pampu ilikuwa bora kuliko wewe," alisema.

"Karibu mara mbili."

Alitia bega chini ya mti, akainuka, akapanda ngazi zilizobaki. Ndoo zile mbili zilitosha mistari miwili ya miche, kikombe kimoja kwa kila shina. Ilikuwa imebaki mistari sita, na jua lilikuwa bado halijafika katikati. Alizigeuza ndoo kumwaga matone ya mwisho, akazitundika tena, akaelekea kwenye ngazi.